Usingizi ukigoma, toka kitandani

Kama wewe ni mtu wa kukodoa macho saa nane usiku huku unapiga hesabu kwamba nikilala sasa hivi ntapata masaa 4, basi hii naandika kwa ajili yako, maana hiyo hesabu naijua sana. Kuna kipindi nilipitia mambo mazito kazini usingizi ukaruka, na cha ajabu mambo ya kazi yalipokaa sawa usingizi haukurudi. Hapo ndo nikaelewa kwamba kilichouondoa usingizi na kinachouzuia kurudi vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kinachouzuia mara nyingi ni ile vita yenyewe. Unapanda kitandani saa mbili usiku ili ufidie, unajigeuzageuza, unachungulia saa, moyo unaenda mbio, unakasirika, na ukirudia hivyo kila siku ubongo unajifunza kwamba kitandani ni mahali pa kukaa macho na wasiwasi. Ndo maana mtu anasinzia vizuri tu kwenye kochi, akigusa mto macho yanafunguka.

Mimi daktari alinielekeza kwenye tiba ya kubadili tabia na mawazo yanayohusu usingizi, ambayo ndo inashauriwa kwanza kabla ya vidonge kwa mtu ambaye tatizo limekuwa sugu, yaani angalau usiku 3 kwa wiki kwa miezi 3. Ndani yake kuna sheria moja ngumu iliyotoka kwa mwanasaikolojia Richard Bootzin miaka ya 1970: ukiona kama dakika 20 zimepita na hujalala (kadiria tu, saa igeuzie ukutani), toka kitandani. Nenda kakae kwenye kiti, taa iwe hafifu, soma kitu kisichokusisimua, na urudi pale tu macho yanapokuwa mazito kweli. Ukirudi usingizi ukagoma tena, toka tena. Siku za mwanzo ni mateso sikufichi, mchana unakuwa umechoka hasa, kwa hiyo kama unaendesha gari kuwa makini sana au mwachie mwingine usukani.

Halafu asubuhi amka saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbovu, hata kama ni jumapili. Wengi wanashindwa hapa na mi naona hapa ndo penye nguvu kuliko kote, kwa sababu kadiri unavyokaa macho ubongoni inajikusanya kemikali inaitwa adenosini, hiyo ndo inaleta ule uzito wa usingizi, sasa ukilala mpaka saa tano asubuhi au ukijilaza muda mrefu jioni umeshaipunguza na usiku ukifika huna cha kukusukuma. Kahawa nayo inacheza hapohapo, kafeini inakaa kwenye zile sehemu ambazo adenosini ingeshika, na baada ya masaa 5 hivi kwa watu wengi karibu nusu yake bado imo mwilini. Chai na soda za kola pia zina kafeini. Pombe inakulaza haraka ila inakuvurugia nusu ya pili ya usiku.

Kuhusu simu wote wanasema mwanga, na ni kweli mwanga unachelewesha melatonini, yaani homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, ila kwangu ujumbe wa bosi saa nne usiku ulikuwa unaniumiza kuliko mwanga wenyewe. Ikae mbali na kitanda.

Kwa nini nasisitiza hivi? Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi. Ukilala presha huwa inashuka kwa asilimia 10 mpaka 20 na moyo unapumzika, ukikosa hiyo nafasi kwa muda mrefu hatari ya presha inaongezeka. Insulini, ile homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, nayo haifanyi kazi vizuri, njaa inapanda, ndo maana ukikesha kesho yake unatamani vitu vitamu tu. Na kichwani je? Nilikuwa nalia kwa vitu vidogo sana. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inaharibu usingizi, usingizi mbovu unaikuza sonona, kwa hiyo ukiona huzuni haiishi usiseme ngoja nilale kwanza itapita, tafuta msaada wa vyote viwili kwa pamoja. Ila tafadhali haya usiyawaze usiku ukiwa kitandani, usiku mmoja mbaya mwili unaumudu.

Na kuna watu hii njia peke yake haitawatosha. Kama unakoroma sana, unashtuka unahema, au unalala masaa ya kutosha lakini unaamka na kichwa kinauma na mchana unasinzia hovyo, inawezekana pumzi inakatika usingizini. Muulize unayelala naye kama huwa anasikia ukinyamaza kisha unavuta hewa kwa nguvu, halafu nenda kamweleze daktari hivyohivyo alivyosikia, na vidonge vya usingizi usivinywe kabla hujapimwa maana vingine vinaweza kuzidisha hilo tatizo.