Barua kwa Mwanangu: Kihamba cha Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni kweli babu yako hakuwa na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, bali alikuwa kibarua katika kahawa ya walowezi. Ni kweli. Lakini afadhali ungeuliza mtoto wa mwenye kihamba aligeukaje kuwa mtu wa kambini, kwenye kambi ya vibarua.

Desturi yetu Wachagga wa Kilimanjaro unaijua: mtoto wa kwanza alipewa kihamba, kitinda mimba alirithi nyumba ya baba, na wa kati alimwendea Mangi, mtawala wetu, kwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, au mnyama ili agawiwe pori. Babu yako alikuwa wa kati. Ardhi ya kugawiwa watu kama yeye ilikuwa chini ya mlima, walikolima wazee ulezi kwa maji ya mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, nao, wasipoona nyumba wala migomba, wakaihesabu tupu. Nimekuambia tangu utotoni: penye ulezi pana mwenyewe! Mwaka 1900 wakamnyonga Mangi Meli wa Old Moshi, mwaka 1911 reli ya Tanga ikafika Moshi, na walowezi wakaenea chini ya vihamba.

Nilikuwa na miaka tisa tulipoalikwa kwa baba mkubwa. Kata ya mbege ilipomfikia baba, mzee aliyekuwa akigawa alimruka, akampa kijana aliyeoa juzi tu lakini mwenye kihamba. "Wa kambini atakunywa mwisho," alisema. Baba aliiweka mikono magotini, akatulia. Nakumbuka kimea kilivyoganda kwenye ukingo wa ile kata: kimea cha ulezi, mwanangu, na penye ulezi pana mwenyewe.

Je, mamangi waliokubali walowezi walitusaliti? Kuna siku nasema ndiyo. Kisha namkumbuka Meli kwenye kitanzi, nashindwa kusema ni nani angethubutu kukataa. Na baba mkubwa, ambaye hakumkatia mdogo wake hata hatua kumi za migomba? Alikuwa na wana wanne, na kihamba hakitanuki. Lakini alikaa pale, akaona kata ikiruka, akanyamaza.

Miaka mingi baadaye alimletea baba jani la sale, na kwetu anayeletewa sale hakatai kusamehe. Baba alilipokea kwa mikono miwili.

Mimi sikuletewa.

Baba yako