Kabla ya Kusema Karogwa: Niliyoyajua Kuhusu Magonjwa ya Akili Nikimuuguza Kaka

Ukiwa na mgonjwa wa akili nyumbani, majirani watakuwa wameshampima kabla hujapata nauli ya hospitali. Wa kwanza atasema malaria imempanda kichwani. Wa pili, karogwa. Wa tatu, bangi hiyo. Wa nne atanyamaza, halafu utakuja kusikia kwamba kasema ni mambo ya ukoo.

Nimemuuguza kaka yangu miaka mingi sasa, na sitawaita majirani hao wajinga. Malaria kali huchanganya akili kweli. Bangi kweli inaweza kuamsha ugonjwa kwa kijana ambaye tayari ana mwelekeo huo. Hata hilo la ukoo lina ukweli wake, nitalifikia. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana jibu lake moja tu, wakati magonjwa ya akili ni mengi na hayafanani. Huhitaji kuyajua yote. Unachohitaji ni kujua mgonjwa wako yuko kundi gani, maana kundi ndilo linaloamua apewe dawa ipi, atumie kwa muda gani, na wewe uangalie hatari ipi usiku wengine wakiwa wamelala.

Anza na mwili. Mtu alikuwa mzima juzi, leo anaongea ovyo, hajui ni siku gani, hamtambui mkewe, na joto limepanda: huyo apelekwe hospitali usiku huohuo apimwe malaria, sukari, na maambukizi ya ubongo. Mchanganyiko unaokuja ghafla, asubuhi una nafuu na jioni umerudi, mara nyingi chanzo chake kiko mwilini. VVU, kaswende iliyokaa miaka bila kutibiwa, tezi la shingo, figo, vyote vinaweza kuonekana kama wazimu. Na pombe. Mnywaji wa kila siku akilazwa kwa mguu uliovunjika, siku ya pili au ya tatu bila gongo anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu ukutani. Ndugu watasema wodi ina mashetani. Ni pombe iliyokatika ghafla, na hali hiyo inaweza kuua isipotibiwa. Mwambieni nesi ukweli kuhusu unywaji tangu siku ya kulazwa, hata kama mgonjwa ni mzee wa kanisa.

Kwa wazee kuna ugonjwa wa kusahau, ambao kwetu una balaa lake la ziada. Bibi anatoka usiku wa manane, hajui arudi wapi, anakutwa uchi kwenye uwanja wa watu. Asubuhi mtaa mzima unasema mchawi kadondoka na ungo. Nikisikia habari hizo siku hizi, swali langu la kwanza ni umri wa huyo bibi.

Mwili ukishapimwa na kuonekana hauna shida, ndipo tunaingia kwenye akili yenyewe. Kundi ambalo watu hulitambua upesi ni la wale wanaopoteza mawasiliano na uhalisia. Mgonjwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, anaamini redio inamtaja yeye, au shemeji yake anamtilia sumu kwenye chai. Skizofrenia ndiyo inayojulikana zaidi hapo, na mara nyingi huanza kwenye ujana wa mwisho au miaka ya ishirini, yaani wakati ule ule familia imeuza shamba kumsomesha. Lakini si kila mwenye skizofrenia anaokota makopo. Yuko anayejifungia chumbani, haogi, haongei, ukimuuliza anajibu neno moja. Huyo hamsumbui mtu, kwa hiyo ndiye anayechelewa kutibiwa. Ataitwa mvivu mwaka mzima.

Kundi hilihili lina dharura moja ambayo kila mwanamume mwenye mke mjamzito aijue. Mama aliyejifungua, ndani ya wiki mbili za kwanza, halali usingizi hata mtoto akilala, anaanza kusema mtoto huyu si wake au kuna anayetaka kumchukua. Kichaa cha uzazi hicho. Ni nadra, mmoja au wawili katika kila wanaojifungua elfu moja, ila hakingoji. Asiachwe peke yake na mtoto hata dakika tano, na aende hospitali siku hiyohiyo. Kinatibika vizuri sana.

Kaka yangu yuko kundi jingine, la magonjwa ya hisia. Ana bipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu kupita kiasi na kushuka chini kupita kiasi. Mara ya kwanza alipopelekwa hospitali alikuwa chini kabisa: halali, hali, anaangalia ukuta. Akapewa dawa ya sonona, yaani ya ugonjwa wa kuwa chini namna hiyo, ikamwinua. Baada ya wiki chache akawa ameinuka kupita kiasi. Analala saa mbili tatu, anaamka ana nguvu kuliko sisi tuliolala hadi alfajiri. Akauza pikipiki ya biashara ili anunue kiwanja cha hoteli. Saa tisa usiku anawapigia simu watu ambao hawajaongea tangu shule ya msingi, anawapa kazi kwenye hiyo hoteli. Anaongea mpaka povu. Mtaani wakasema sasa kapona, tena kachangamka.

Aliyetuelewesha ni tabibu mmoja mtu mzima kwenye kliniki ya mkoa. Hakumuuliza kaka, alimgeukia mama: “Kabla hajaanguka hivi mara ya kwanza, hakukuwa na kipindi alichangamka kuliko kawaida yake, akawa hataki kulala?” Mama akafikiri, akasema kipo, mwaka mmoja nyuma, alipotaka kugombea udiwani. Tukacheka, tabibu hakucheka. Alituambia kwamba mwenye bipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa juu, na kwamba anahitaji dawa ya kutuliza pande zote mbili. Zipo kadhaa. Lithiamu, ambayo daktari wa Australia, John Cade, ndiye aliyeandika mwaka 1949 jinsi ilivyotuliza wagonjwa wake, bado inatumika, ila inahitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu dozi ya kutibu na dozi ya kudhuru haziko mbali. Kwenye hospitali zetu mtu mara nyingi hupewa kabamazepini au valproeti.

Ndiyo maana nasisitiza: usiende kliniki na habari za wiki hii tu. Nunua daftari la shule. Andika tarehe, amelala saa ngapi, amekula au hakula, amesema nini cha ajabu kwa maneno yake mwenyewe. Na aende naye mtu anayelala nyumba moja naye. Mjomba aliyekuja na gari kutoka Dar hajui lolote, ingawa ndiye atakayeongea sana. Kwetu usingizi ndio kengele. Kaka akilala chini ya saa nne siku mbili mfululizo, hatungoji tarehe ya kliniki.

Sonona ya kawaida, isiyo na hicho kipindi cha juu, ni ya watu wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na ugonjwa wa akili, na sonona pamoja na wasiwasi uliopitiliza ndivyo vilivyoongoza. Kwa nini basi hatuwaoni? Kwa sababu kwetu mtu mwenye sonona haji akisema ana huzuni. Anasema kichwa kinawaka moto, mgongo unatembewa na wadudu, tumbo linajaa, nguvu zimeisha. Anapimwa taifodi na UTI, anapewa dawa za taifodi na UTI, mwezi ujao tena. Ukiona mtu ana bahasha ya vipimo inayokaribia kilo na kila kipimo kiko sawa, muulize polepole kuhusu usingizi, hamu ya kula, na kama bado yapo mambo yanayompa raha. Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, si uchovu wa maisha tena. Na akianzishiwa dawa mwambie mapema kwamba nafuu huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi. Wengi huacha siku ya kumi, wakisema haifanyi kazi.

Wasiwasi nao una matawi. Yuko anayeshikwa ghafla sokoni, moyo unaenda mbio, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, anajua anakufa. Anafikishwa hospitali, kipimo cha moyo kinasoma vizuri, anaambiwa hana kitu. Ana kitu, ila si moyo. Yuko anayerudia udhu mpaka jamaa wamemaliza sala, kwa sababu kila akifika mguuni anahisi mkono haukushika maji. Masheikh wa Pwani wanaijua hali hiyo tangu zamani na hushauri mtu asirudie, na ushauri huo haupishani na wa wataalamu, ambao tiba yao humzoesha mgonjwa kuvumilia ule wasiwasi bila kurudia. Na yuko aliyenusurika ajali ya basi, au aliyekimbia vita Kongo na kufika kambi ya Nyarugusu, ambaye mlango ukibamizwa tu anarudi kule alikotoka. Haya hutibika sana kwa mazungumzo na mtaalamu, wakati mwingine bila kidonge hata kimoja.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Uraibu ni ugonjwa, na kwa heroini ipo methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na sasa ipo mikoa kadhaa. Usonji huonekana tangu utotoni na haukuletwa na mama kupishana na nyoka akiwa mjamzito. Kifafa si ugonjwa wa akili, ni wa ubongo, ila kwetu wagonjwa wake huhudumiwa kliniki ileile, benchi lilelile. Povu lake haliambukizi. Akianguka karibu na moto, mvute.

Sasa dawa, maana hapa ndipo familia nyingi hukimbilia kwa mganga. Mara moja kaka alichomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza kichaa, tukarudi naye nyumbani akiwa ametulia. Usiku shingo ikaanza kupinda upande, taya likakaza, macho yakapanda juu yakagoma kushuka. Anatusikia, hawezi kujibu. Shangazi akasema jini limekasirika kwa kuchomwa sindano, itafutwe ubani. Tukamrudisha. Nesi wa zamu alimtazama kwenye mwanga wa simu, hakushtuka, akamchoma promethazini, na haikupita muda shingo ikarudi. Akaandika vidonge vya benzheksoli vya kumeza pamoja na ile dawa. Ni madhara yanayojulikana ya dawa za kundi hilo, hasa kwa vijana wa kiume, na yana tiba yake. Ulizeni madhara kabla hamjatoka dirisha la dawa. Mgonjwa akilalamika kwamba dawa inamkakamaza au inamnenepesha, msimwambie ameze tu. Rudini, ibadilishwe au ipunguzwe. Anayechoka kumeza kila siku anaweza kupewa sindano ya mwezi.

Kuhusu maombi, kombe na waganga, mimi sipigani. Mama yangu anasali na kaka anapenda aombewe. Ninachokataa ni vitu vitatu: minyororo, viboko, na mtu kumwambia aache dawa ili aoneshe imani. Mchungaji au sheikh anayesema meza dawa na tutakuombea, huyo mshike.

Wala usibishane na sauti anazosikia. Ukimwambia hakuna kitu, anakuona muongo. Ukikubali kwamba zipo, umemthibitishia. Mimi husema, “Mimi sizisikii kaka, ila naona zinakutesa. Tukae hapa.” Mara nyingi hukaa.

Na muulize kuhusu kujiua. Muulize wazi, kwa maneno yenyewe: umewahi kufikiria kujiua? Kuuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na sumu ya panya, dawa za shambani na akiba ya vidonge vyake viondoke ndani ya nyumba siku hiyo. Watu huficha jambo hili kwa aibu na kwa hofu ya polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kulifanya jaribio la kujiua kuwa kosa kunapingana na katiba. Tanzania Kanuni ya Adhabu inalihesabu kosa, na ndiyo sababu wodini utasikia “alikunywa kwa bahati mbaya”. Daktari mwambie ukweli.

Swali ninaloulizwa kuliko yote, tena kwa kunong'onezwa, ni hili: ataoa? ataolewa? Hapo ndipo linaporudi lile la ukoo. Magonjwa haya yana urithi ndani yake, lakini si hukumu. Skizofrenia humpata takriban mtu mmoja katika mia; mtoto ambaye mzazi wake mmoja anayo, uwezekano wake ni kama kumi katika mia. Yaani tisini hawaipati. Watu huoa, huzaa, hufanya kazi. Mchumba aambiwe kabla ya mahari, na aende kliniki siku moja aulize mwenyewe. Binti anayetumia valproeti ana jambo jingine: dawa hiyo inaweza kumlemaza mtoto tumboni, na madhara huanza wiki za mwanzo, kabla hata hajajua kwamba ana mimba. Asiiache mwenyewe kwa hofu, atarudi kuumwa. Kabamazepini nayo hupunguza nguvu ya baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango. Aende kliniki abadilishiwe dawa kabla ya harusi, na mumewe awepo.