Maswali Yenu: Siku Moja Makumbusho ya Kisumu

Mhariri, salamu. Tunapeleka wanafunzi 45 wa Gredi ya 6 Makumbusho ya Kisumu. Safari iliyopita, mahali kama hapo, watoto walikimbilia nyoka na mengine hawakuyatazama kabisa. Tupange vipi?
*Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, nyoka wawe wa mwisho. Mtoto akishamwona koboko, mtungi na mgono wa kuvulia samaki havimwambii kitu tena.

Gawa watoto makundi 3 ya 15, kila kundi na mwalimu wake. Nyumba ya samaki na ya nyoka ni vijengo vidogo. Wakiingia wote 45, wa mbele watabanwa kwenye kioo na wa nyuma wataona migongo ya wenzao. Kundi moja lianzie Ber-gi-dala, yaani boma la Kiluo lililojengwa nje kwa ukubwa wake halisi. La pili lianzie ukumbi mkubwa, la tatu kwa samaki. Wabadilishane kila baada ya dakika 40. Saa mbili zikiisha, peleka nyoka kundi moja moja, robo saa inatosha. Kundi la wadogo au wachovu ndilo lianze na boma, kabla jua halijawa kali.

Karatasi ya kazi iwe na mambo matatu tu. Ukiwapa maswali ishirini, watanakili vibandiko bila kuinua macho. Wachore ghala la nafaka, wachague chombo kimoja cha uvuvi na waeleze samaki anaingiaje na kwa nini hatoki, kisha wasimame mbele ya yule simba aliyekaushwa, wa ukumbini, anayemrukia nyumbu, waandike kila kucha imeshika wapi. Hilo la mwisho huwatuliza hata watundu.

Kiingilio hutofautiana kwa raia na wageni, watoto na watu wazima, kwa hiyo beba vitambulisho na barua ya shule. Malipo hupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya: weka pesa kwenye simu moja, mwalimu mmoja alipie wote.

Watoto wangu ni Waluo waliokulia mjini. Nitawaelezaje nyumba zile za Ber-gi-dala, ipi ya nani? Na mbona sioni nyumba ya baba?
*Mama, Nakuru*

Dada, usianzie ndani ya nyumba yoyote. Warudishe watoto hadi langoni, wasimame wakitazama ndani, maana boma la Kiluo husomwa kutoka pale. Nyumba iliyo juu, inayotazamana na lango, ni ya mikayi, mke wa kwanza. Za pembeni ni za nyachira, mke wa pili, na reru, mke wa tatu. Karibu na lango ni simba, nyumba ya mwana wa kwanza. Waambie mapema kwamba simba huyu hana manyoya, la sivyo watamtafuta.

Baba ana duol, kibanda kilicho karibu na zizi. Hapo huota moto, hupokea wazee na kuamua mashauri ya boma. Kulala ni katika nyumba za wake zake, ndiyo maana huoni nyumba kubwa iliyoandikwa jina lake.

Msipite ghala haraka. Dero ni kapu kubwa lililosukwa, limeinuliwa kutoka ardhini ili unyevu na panya visifikie nafaka. Waulize watoto mlango uko wapi. Watalizunguka mara mbili wasiuone, kwa sababu haupo: paa la nyasi ndilo kifuniko, huinuliwa upande mmoja na mtu akachota kutoka juu.

Je, samaki wa Kisumu ni walewale wa kwetu? Majina yananichanganya.
*Msomaji, Mwanza*

Ziwa ni moja, Victoria, ndugu yetu. Mbuta wao ni sangara wako, omena ni dagaa, fulu ni furu, mumi ni kambale. Kwa ngege kuwa mwangalifu: Wakenya wengi humwita hivyo sato (tilapia) yeyote, ilhali ngege halisi ni wa asili ya ziwa hili, na sato aliyejaa sokoni leo aliletwa miaka ya 1950, kama sangara.

Ukumbini yupo mbuta mmoja wa kilo 190. Mtazame kwanza, halafu nenda ukawaone furu hai, wadogo kama kidole. Ziwa lilikuwa na aina zao zinazokadiriwa kufika 500, na nyingi zilitoweka sangara aliposhamiri miaka ya 1980. Ukiwaona wawili hao kwa kufuatana, maelezo ya ukutani yanakuwa mepesi.

Kisha mngojee kamongo. Watu humpita wakidhani amekufa, kwa kuwa hulala chini kama gogo. Kaa dakika kadhaa bila kugonga kioo. Atainuka taratibu, atatoa mdomo juu ya maji, atavuta pumzi na kuzama tena. Ana mapafu, na akishakuwa mkubwa matamvua peke yake hayamtoshi. Akizuiwa kufika juu, atakufa maji. Ukitaka picha, zima mwanga wa simu na uigusishe kamera kwenye kioo chenyewe, mng'ao utaondoka.

Koboko anaitwa mweusi, mbona pale ni wa kijivu?
*Mwanafunzi, Kisumu*

Weusi uko ndani ya kinywa chake. Ngozi ni ya kijivu au kahawia. Lakini mtazame zaidi kifutu, yule mnene mwenye mistari. Yeye hakimbii akisikia hatua, hubaki palepale kwenye majani makavu mpaka akanyagwe. Aliyeumwa na nyoka avuliwe pete na viatu kabla ya uvimbe, kiungo kitulizwe, apelekwe hospitali mara moja. Kuchanja, kunyonya na kufunga kamba huongeza madhara.