Magugumaji kutoweka baada ya uchaguzi si ushahidi

Diwani anayesema jukwaani kwamba magugumaji yametoweka ufuoni Kisumu tangu achaguliwe, na kwa hiyo ni yeye aliyeyaondoa, hajathibitisha lolote, kwa kuwa anachukulia kwamba jambo lililotangulia ndilo lililosababisha lile lililofuata. Mmea huo huelea juu ya maji bila kushikwa na udongo, na upepo unapogeuka huweza kusukuma tandiko lake zima kutoka ufuo wa Dunga hadi upande mwingine wa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, jambo ambalo mvuvi yeyote wa pale atakueleza bila kusita. Zaidi ya hayo, kuna wadudu walioletwa ziwani katika miaka ya 1990 makusudi waule. Muulizeni ni mashine gani iliyovuna magugu hayo, ilifanya kazi ufuo upi, na fedha zilitoka katika bajeti ya mwaka gani. Hata hivyo, tusiteleze upande wa pili: hoja yake kuwa mbovu hakulifanyi dai lenyewe kuwa la uongo, maana huenda kweli aliyaondoa, ila hilo lahitaji ushahidi mwingine.