Mbwa amekula chokoleti nyeusi

Dada wa Milimani, pole. Unasema mbwa wako wa kilo 8 amemaliza gramu 100 za chokoleti nyeusi saa moja iliyopita, na bado anacheza. Usidanganyike na mchezo huo. Sumu yake, theobromini, hukawia. Mara nyingi dalili huanza saa 6 hadi 12 baada ya kula. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, umtajie uzito wa mbwa na gramu hizo, kwani huenda bado akaweza kumtapisha. Wewe usijaribu! Jirani yangu hapa Kisumu alimnywesha wake maji ya chumvi, akamzidishia balaa. Maziwa nayo hayasaidii. Akianza kutetemeka au moyo kwenda mbio, usingoje simu, chukua tuktuk umkimbize.