Gari Lililosimama Miaka Mingi

SWALI: Nimerithi gari la mwaka 1967 ambalo halijawashwa kwa zaidi ya miaka 10, nami nataka kulifufua kwa mikono yangu. Je, nikiliwekea betri mpya na petroli, naweza kuliwasha?

JIBU: Ndugu msomaji, usiliwashe kwanza. Katika injini iliyokaa muda mrefu bila kuzunguka, pete za pistoni huweza kushikana na kuta za silinda kwa sababu ya kutu, na ukipiga stata kwa nguvu unaweza kuzivunja au kuzikwaruza kuta hizo. Fungua plagi zote za cheche, tia oili kidogo katika kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha uizungushe injini kwa mkono gia ikiwa huru. Ikikataa, ongeza oili na subira, wala usiilazimishe. Oili ya zamani na chujio lake vibadilishwe.

Petroli iliyobaki tangini imwagwe, kwani huacha utando unaonata ambao huziba kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mipira ya mafuta nayo ibadilishwe yote, kwa kuwa ethanoli iliyomo katika petroli nyingi za siku hizi huidhoofisha mipira ya zamani, na uvujaji karibu na injini yenye joto ni moto unaosubiri cheche.

Hata hivyo, mimi ningeanza na breki, ingawa natambua hamu ya kuisikia injini ikinguruma. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo huzitia kutu silinda za breki kwa ndani. Rangi iache hadi mwisho.