Umeme umekatika na theluji imeziba mlango
Ndugu yangu, umeuliza kama uingize jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Usithubutu! Usipouona moshi usidhani uko salama: kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, unasinzia tu, na huenda usiamke. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Lala na watoto chumba kimoja, sokota taulo uzibe upenyo wa chini ya mlango, na uwavishe nguo nyepesi tatu badala ya sweta moja zito. Koki ya jikoni ilegeze idondoshe matone usiku kucha, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua bomba. Theluji ya mlangoni izoe kidogo kidogo. Ikilowa huwa nzito, huvunja mgongo.